Kupeana Zamu Hewani: Jinsi Vyuo Vikuu Vilivyofikisha Mawasiliano ya Redio Vijijini

Mtu aliyepofushwa na mtoto wa jicho anaweza kurudishiwa uwezo wa kuona kwa upasuaji wa muda mfupi. Ugumu mara nyingi hauko katika upasuaji wenyewe, bali katika kumkutanisha mgonjwa na daktari. Daktari wa macho hukaa mjini, mgonjwa hukaa kijijini, na kati yao kuna nauli, siku za kazi zinazopotea, na mashaka kama safari itakuwa na faida. Hospitali ya Macho ya Aravind, iliyoanzishwa na Dakta G. Venkataswamy mwaka 1976 katika mji wa Madurai, kusini mwa India, ikiwa na vitanda 11 tu, ilikabiliwa na tatizo hilo kwa miaka mingi. Hatimaye iliamua kufungua vituo vidogo vya macho vijijini. Katika vituo hivyo mhudumu aliyefunzwa humpima mgonjwa, kisha mgonjwa huzungumza na daktari aliye mbali kwa sauti na picha. Anayehitaji miwani tu huhudumiwa hapo hapo, na anayehitaji kupasuliwa ndiye husafiri.

Mpango huo ulihitaji njia ya kupitishia picha zinazotembea. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, nyaya za simu za vijijini hazikuweza kazi hiyo, na mawasiliano ya setilaiti yalikuwa ya gharama kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, wakiongozwa na Profesa Eric Brewer, walifikiria kutumia kifaa cha bei nafuu kilichokuwa kikiuzwa madukani: redio ya kompyuta ijulikanayo kwa jina la Wi-Fi. Makala haya yanaeleza kwa nini kifaa hicho kilishindwa hapo kwanza, na jinsi kilivyorekebishwa bila kuongezewa nguvu.

Kifaa cha chumbani

Kanuni za kwanza za Wi-Fi ziliidhinishwa mwaka 1997. Kusudi lake lilikuwa kuunganisha kompyuta zilizomo katika chumba au jengo moja. Hata hivyo, mawimbi ya redio hayasimami ukutani. Antena ya kawaida husambaza mawimbi pande zote kama taa isiyo na kifuniko, lakini antena yenye umbo la karai huyakusanya na kuyaelekeza upande mmoja kama kurunzi. Karai mbili zikielekezana, nguvu ile ile ndogo inaweza kuvuka makumi ya kilomita.

Sharti moja ni kwamba pasiwe na kizuizi kati ya antena hizo. Katika masafa marefu, dunia yenyewe huwa kizuizi kwa sababu ya mviringo wake. Kati ya minara miwili iliyo umbali wa kilomita 100, mgongo wa dunia huinuka takriban mita 200 katikati ya safari. Kwa hiyo viungo virefu hujengwa juu ya vilima au minara mirefu.

Watafiti walipotimiza masharti hayo, mawimbi yalifika vizuri. Ajabu ni kwamba habari zilipita kwa shida, na mara nyingine hazikupita kabisa. Kasoro haikuwa katika nguvu za redio. Ilikuwa katika itifaki, yaani kanuni zinazoongoza mazungumzo ya mitambo.

Stakabadhi inayochelewa

Kompyuta haitumi habari zote kwa mkupuo mmoja. Huzigawa katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Kwa kanuni za Wi-Fi, kila pakiti inayofika salama hujibiwa kwa ishara fupi ambayo ni kama stakabadhi. Mtumaji asipoipata stakabadhi hiyo kwa muda uliowekwa, huamua kwamba pakiti imepotea, naye huituma tena.

Muda huo wa kungoja uliwekwa kwa kipimo cha majengo: makumi machache tu ya mikrosekunde, na mikrosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kilomita moja huchukua mikrosekunde 3.3. Chumbani safari hiyo haina uzito wowote. Lakini katika kilomita 100, pakiti huchukua mikrosekunde 333 kufika, na stakabadhi huchukua 333 nyingine kurudi. Jumla ni mikrosekunde 667. Kabla stakabadhi haijafika, mtumaji amekwisha kukata tamaa na kutuma pakiti ile ile tena. Mpokeaji anapokea kitu alicho nacho tayari, na mtumaji anaendelea kuamini kwamba hakuna kilichofika.

Yawezekana kumwongezea mtumaji muda wa kungoja, lakini dawa hiyo ina hasara yake. Pakiti yenye biti 12,000 ikitumwa kwa kasi ya biti milioni 11 kwa sekunde huchukua mikrosekunde 1,090 hivi. Ikiwa kila pakiti itafuatwa na mikrosekunde 667 za kimya, zaidi ya theluthi moja ya muda wote hupotea katika kungoja.

Kusikiliza kabla ya kusema

Kasoro ya pili ilihusu namna mitambo inavyogawana hewa. Jambo hili lina historia yake. Mwezi Juni mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha kompyuta kwa redio katika mtandao walioupa jina la ALOHA. Kila mtambo ulituma habari wakati wowote ulipotaka. Mitambo miwili ikituma kwa pamoja, habari zao ziligongana na kuharibika, na kila mmoja ulijaribu tena baada ya muda uliochaguliwa kwa bahati nasibu. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini hesabu zilionyesha kwamba haiwezi kutumia zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wa hewa.

Wi-Fi iliongeza adabu moja: mtambo husikiliza kwanza, na ukisikia mwingine ukisema hunyamaza. Chumbani adabu hiyo yafaa sana. Lakini mtambo ulio umbali wa kilomita 100 hausikii yanayosemwa sasa, bali yaliyosemwa mikrosekunde 333 zilizopita. Mitambo miwili yaweza kusikiliza, kila mmoja ukaona hewa ni tulivu, kisha yote ikaanza kusema. Zaidi ya hayo, mnara mmoja ukiwa na redio kadhaa zinazoelekea vijiji mbalimbali, redio inayotuma huitia kiziwi jirani yake inayojaribu kupokea sauti dhaifu kutoka mbali.

Utaratibu wa zamu

Suluhisho lilianzia India kwenyewe. Mwaka 2005, Bhaskaran Raman na Kameswari Chebrolu wa Taasisi ya Teknolojia ya India iliyoko Kanpur walitangaza kanuni mpya kwa mitandao ya masafa marefu. Katika kanuni hiyo redio zote za mnara mmoja hutuma pamoja, kisha zote hupokea pamoja. Hakuna redio inayosema wakati jirani yake anasikiliza, kwa hiyo hakuna inayomtia mwenzake kiziwi.

Watafiti wa Berkeley waliendeleza wazo hilo, na mwaka 2007 walieleza mfumo wao walioupa jina la WiLDNet. Mfumo huo ni programu inayoendeshwa katika redio zile zile za kawaida. Huondoa desturi ya kusikiliza kwanza na kuweka zamu mahali pake. Kila upande hupewa kipande cha muda, hutuma pakiti nyingi mfululizo, kisha hunyamaza ili upande wa pili useme. Badala ya stakabadhi kwa kila pakiti, hutolewa stakabadhi moja inayoorodhesha pakiti zote zilizofika.

Faida yake huonekana kwa hesabu. Tuseme zamu moja ni ya mikrosekunde 20,000 na umbali ni kilomita 100. Mikrosekunde 333 za safari sasa hupotea mara moja tu kwa kila zamu. Hiyo ni chini ya sehemu 2 katika 100, ilhali hapo awali ilipotea zaidi ya theluthi. Gharama ya utaratibu huu ni kwamba mwenye neno la kusema hulazimika kungoja zamu yake, lakini ngojeo hilo ni fupi mno kwa masikio ya binadamu.

Kurudisha kilichopotea

Pakiti ziliendelea kupotea kwa sababu nyingine. Antena iliyo juu ya kilima husikia Wi-Fi nyingi za mjini chini yake, na kelele hizo huharibu baadhi ya pakiti. Katika mazungumzo ya picha hakuna nafasi ya kuomba kila mara kilichopotea kirudiwe. Kwa hiyo WiLDNet hutuma pia pakiti za akiba.

Kanuni ya akiba hiyo yaweza kufahamika kwa mfano mwepesi. Mtu anataka kutuma namba 4, 7 na 5. Anatuma pia jumla yake, 16. Namba 7 ikipotea njiani, mpokeaji hutoa 4 na 5 katika 16, akaipata 7 bila kuuliza. Kompyuta hutumia hesabu ya namna nyingine, lakini msingi ni huo huo. Kwa mbinu hizi zote, WiLDNet ilipitisha habari mara 2 hadi 5 zaidi ya kiasi kikubwa kilichowezekana kwa kanuni za kawaida.

Jaribio la mbali zaidi lilifanyika Venezuela mwaka huo huo wa 2007. Ermanno Pietrosemoli wa Chuo Kikuu cha Los Andes na wenzake waliweka antena katika milima ya El Águila, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na nyingine huko Platillón, umbali wa kilomita 382. Wakitumia programu ya Berkeley, walipitisha takriban biti milioni 3 kwa sekunde kila upande.

Kazi iliyobaki baada ya jaribio

Mtandao wa Aravind, uliotoka katika hospitali ya mji wa Theni, haukuwa na viungo virefu kama vya Venezuela. Vilikuwa vya kilomita chache hadi kumi na kadhaa. Hata hivyo, katika kilomita 10 tu stakabadhi huchukua mikrosekunde 67 kurudi, na huo ni muda wa kutosha kuvuruga kanuni za chumbani.

Huko watafiti waligundua kwamba adui mkubwa wa mtandao hakuwa umbali, bali umeme. Umeme wa vijijini ulipanda na kushuka ghafla, ukaunguza mitambo. Ulipokuwa hafifu, kompyuta ziliendelea kufanya kazi nusunusu na kuharibu kumbukumbu zake. Mtambo ukizimika, hapakuwa na fundi karibu, na njia ya kumwita kwa mtandao ilikuwa imekufa pamoja na mtambo wenyewe. Hivyo walibuni vidhibiti vya umeme vya bei nafuu vinavyotumia nguvu ya jua, swichi inayokata umeme unapokuwa hafifu, na njia ya pili ya kupata habari za mtambo kupitia simu za mkononi. Wahudumu wa hospitali walifunzwa kutengeneza mtandao wao wenyewe.

Katika taarifa ya mwaka 2008, watafiti walieleza kwamba wagonjwa 3,000 wa vijijini walikuwa wakionana na daktari kwa njia hiyo kila mwezi. Tangu wakati huo simu za mkononi zenye uwezo wa kupitisha picha zimeenea katika nchi nyingi, na haja ya minara ya namna hii imepungua mahali pengi. Lakini utaratibu wa zamu umedumu: watengenezaji kadhaa wa redio za masafa marefu huutumia katika mitambo yao hadi leo.

Maswali ya kujipima

1. Minara miwili iko umbali wa kilomita 60. Pakiti na stakabadhi yake zitachukua mikrosekunde ngapi kwenda na kurudi? (Jibu: 400.)

2. Mtumaji alituma namba 9, 2 na 6 pamoja na jumla yake. Namba mbili zikipotea kwa pamoja, je, mpokeaji ataweza kuzipata? Eleza ni akiba gani zaidi ingehitajika.

3. Redio tatu ziko juu ya mnara mmoja, kila moja ikielekea kijiji chake. Chora ratiba ya zamu mbili kwa mnara na kwa vijiji vyote vitatu, kisha hakikisha kwamba hakuna redio ya mnara inayosikiliza wakati jirani yake anasema.