Mafuta ya Kondoo na Afya ya Tumbo

Nyama ya kondoo hujenga mwili na kuongeza damu, kwa kuwa ina protini, madini ya chuma na vitamini B12. Mafuta yake yatumike kwa kiasi. Karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, ambayo yakizidi huongeza lehemu kwenye damu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kondoo kina takriban gramu 6 za mafuta hayo yanayoganda. Mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 22 za mafuta yanayoganda kutoka vyakula vyote.

Yanavyosagwa

Mafuta hukawia tumboni kuliko ugali au wali. Yakifika utumbo mwembamba, nyongo huyagawa kuwa matone madogo, kisha vimeng'enya vya kongosho huyasaga. Ukila mengi kwa mlo mmoja unaweza kupata kiungulia, tumbo kujaa au kuharisha. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo anaweza kushikwa na maumivu makali.

Je, kunywa mafuta ya kondoo husafisha tumbo?

Hapana. Ukiharisha baada ya kuyanywa, ujue tumbo limezidiwa. Bakteria wazuri wa utumbo mpana hula nyuzinyuzi, na mafuta ya kondoo hayana nyuzinyuzi kabisa. Tumbo hutunzwa na mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa.

Fanya hivi nyumbani

• Punguza mafuta meupe ya nyama kabla ya kupika.
• Supu ikipoa, iweke kwenye friji. Mafuta yakiganda juu, yaengue kwa kijiko, kisha ichemshe tena mpaka itokote.
• Pakua nyama kidogo, mchicha na maharage kwa wingi, pamoja na ugali wa dona.
• Unapochoma, epuka mafuta kudondokea makaa. Moshi wake huacha kwenye nyama kemikali zinazoweza kuleta saratani.
• Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Mafuta yanaweza kumpalia na kuingia mapafuni.

Wahi kituo cha afya ukiona

• Maumivu makali chini ya mbavu za kulia.
• Macho kuwa ya manjano.
• Choo chenye damu, au cheusi kama lami.
• Choo chenye mafuta kinachojirudia.

Dalili hizi zinahitaji vipimo. Usizitibu kwa kunywa mafuta.