SOMO LA KIKUNDI: SAMAKI AKIJIKUNA KWENYE MAWE



Mfugaji wa hapa Nanighi akimwona mbuzi anajisugua kwenye mti, haulizi mara mbili. Anajua kuna kupe au upele, naye humshika akamkagua. Basi kikundi chenye kidimbwi cha samaki kando ya Mto Tana kinahitaji jicho lile lile. Samaki naye huwashwa. Hana kwato wala pembe ya kujikunia, kwa hivyo hujisugua kwenye mawe, kwenye vigingi au kwenye kingo za kidimbwi. Maji yakiwa ya tope, utaona tu ubavu wake ukimeta ghafla kama kioo anapojigeuza.

Lakini hapa ndipo hatari ilipo. Mtu atasema, "Si tuna dawa ya kupe nyumbani? Tutie kidogo." HAPANA! Dawa inayomwokoa mbuzi humuua samaki, na kidogo tu yatosha. Hata kuosha pampu ya dawa au mkebe wake kidimbwini ni kosa. Na samaki aliyekufa kwa sumu si chakula cha watoto.

JE, NI UGONJWA KWELI?

Samaki akijisugua mara moja akaenda zake, si neno. Tena tilapia dume akichimba shimo chini kwa mdomo, anatengeneza kiota, mwacheni. Wasiwasi ni pale samaki wengi wanajisugua mara kwa mara, hawali vizuri, au wanabana mapezi mwilini.

SABABU ZAKE

1. Maji mabaya. Chakula kilichobaki, mavi ya samaki na samadi iliyozidi huoza na kuchafua maji, yakawasha ngozi na mashavu ya kupumulia. Dalili: maji yananuka, na alfajiri samaki wanahema juu juu.

2. Wadudu. Wengine huonekana kwa macho, kama chawa wa samaki, ambaye ni bapa na hung'ang'ania ngozi. Wengine ni wadogo mno. Mmoja wao huleta madoa meupe kama chembe za chumvi. Huyu akishiba huanguka chini, akajigawa kuwa mamia, nao huogelea kutafuta samaki mwingine. Katika maji ya joto kama yetu, mzunguko huo huisha kwa siku chache tu. Ndiyo maana tiba ya siku moja haitoshi.

LA KUFANYA

Kwanza, acheni kulisha siku moja au mbili, wala msitie samadi.

Pili, toeni maji kiasi cha robo, mtie mengine safi. Ya mtoni yenye tope yaacheni yatulie kwanza, na mdomo wa bomba ufungwe wavu wenye matundu madogo. Samaki wa mtoni wakipita, huleta wadudu wao.

Tatu, chumvi. Samaki wachache waogesheni katika beseni: pakiti ya nusu kilo kwa lita 50 za maji, isizidi nusu saa. Kaeni hapo mkiwatazama. Samaki akilala ubavu, mrudisheni mara moja kwenye maji safi. Lakini msijaribu kutia chumvi kidimbwi kizima. Mwaka 2009 Serikali ilipoanza mpango wa kuchimba vidimbwi sehemu nyingi za Kenya, kipimo kilikuwa mita za mraba 300. Kikiwa na kina cha mita moja, hayo ni lita 300,000. Hata gramu moja tu kwa lita ni kilo 300, yaani magunia sita ya kilo 50! Na maji hayo yakimwagwa shambani, huharibu udongo.

Nne, wakizidi kujikuna au wakianza kufa, mwiteni afisa wa uvuvi wa kaunti. Mpelekeeni samaki aliye hai ndani ya maji, kwa sababu akifa wadudu wengi humtoka.

KINGA

Vifaranga wapya waogesheni chumvi kabla ya kuwatia kidimbwini. Msiwasonganishe. Mkisha kuvuna wote, kausheni kidimbwi kwa jua mpaka udongo upasuke, kisha nyunyizeni chokaa.

Mungu ametukabidhi viumbe hivi tuvitunze. Mchungaji mwema hujua hali ya kundi lake, hata kama kundi lenyewe liko chini ya maji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Nani katika kikundi chetu hutazama samaki kila alfajiri?
2. Dawa ya kupe tunaiweka wapi, na pampu tunaioshea wapi?
3. Tukinunua vifaranga, tutawaogeshea katika chombo gani?