SOMO LA ROBO MWAKA: KADI ZA BENKI ZA KUGUSA NA KAPU LA SADAKA



Kamati zaidi ya moja zimetuuliza swali lile lile: je, parokia inunue mashine ya kupokelea sadaka kwa kadi za kugusa? Swali hili limeletwa na wageni. Marafiki zetu wanaotoka Uingereza huja na kadi tu mfukoni. Kapu linapopita wanaona haya, na baada ya ibada wanamwuliza mweka hazina mashine iko wapi. Tumeona vema somo la toleo hili liwe juu ya kadi hizo, ili kamati zikikaa zijue zinachojadili. Mifano mingi tutaitoa Uingereza, kwa kuwa huko kadi hizi zimekaa muda mrefu, na mazuri na mabaya yake yamekwisha kuonekana.

Kadi yenyewe ni ipi?

Kwa kuitazama ni kadi ya benki kama nyingine, ila ina alama ya vimstari vinne vilivyopinda. Ndani ya plastiki mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa, ambao ndio antena. Kadi haina betri. Mashine ndiyo inayotoa mawimbi ya redio, na kadi ikisogezwa karibu kabisa, kiasi cha sentimita 4 hivi, waya ule hupata nguvu ya kuiamsha chipu. Chipu hutoa namba ya kadi pamoja na msimbo wa kutumika mara moja tu, na malipo yanayofuata huwa na msimbo mwingine. Kwa hiyo anayenasa mawimbi hayo hawezi kutengeneza kadi nyingine ya kugusa kwa alichokinasa. Kwa malipo madogo namba ya siri haiulizwi. Hapo ndipo ulipo urahisi wote wa kadi hii, na hatari yake kubwa iko hapo hapo.

Nchini Uingereza kadi hizi zilianza Septemba 2007, na mtu aliweza kulipa hadi pauni 10 bila namba ya siri. Kikomo hicho kikapanda hadi pauni 15 mwaka 2010, pauni 20 mwaka 2012 na pauni 30 mwaka 2015. Aprili 2020, watu walipokuwa wakiogopa kushika noti na vitufe vya mashine kwa sababu ya korona, kilifika pauni 45, na Oktoba 2021 pauni 100. Katika miaka hiyo yote hakikushushwa hata mara moja.

Faida zake

Ya kwanza ni wepesi. Mabasi ya London yalianza kupokea kadi za benki za kugusa Desemba 2012, na Julai 2014 yakaacha kabisa kupokea fedha taslimu. Dereva hatafuti chenji na foleni haisimami. Wasomaji wetu wanaopanda daladala hawahitaji kuelezwa ugomvi wa chenji ukoje.

Makanisa ya huko yalifuata kwa sababu nyingine. Mwaka 2017 malipo kwa kadi za benki yaliyapita ya fedha taslimu kwa mara ya kwanza nchini humo, na waumini wakawa wanafika ibadani bila sarafu hata moja. Machi 2018 Kanisa Anglikana la Uingereza lilitangaza mpango wa kuyawezesha makanisa yake zaidi ya 16,000 kupata mashine hizo. Iko pia sababu ya kodi. Serikali ya Uingereza huongezea asilimia 25 juu ya sadaka ndogo zinazopokelewa na makanisa na vyama vya hisani vilivyotimiza masharti. Mwanzoni nyongeza hiyo ilikuwa kwa fedha taslimu tu, lakini kuanzia Aprili 2017 sadaka za kadi ya kugusa nazo ziliingizwa, na tangu Aprili 2019 ni kwa sadaka isiyozidi pauni 30. Wafadhili wetu wa huko wakitoa kwa kadi kanisani kwao, nyongeza haipotei. Wakigusa mashine ya huku kwetu, haipo.

Kwa mweka hazina faida ni kubwa zaidi. Kila sadaka iliyoguswa ina saa yake na kiasi chake, nayo huingia moja kwa moja katika akaunti ya parokia. Hailali katika kabati la sakristia hadi Jumatatu. Tusifichane: sadaka kupungua njiani kati ya kapu na benki ni jambo linalojulikana, na majambazi nao wanajua ni siku gani kabati limejaa. Hata hivyo mashine haimwambii mweka hazina ni nani ametoa. Kwa kawaida huonyesha tarakimu chache tu za mwisho za kadi. Parokia inayoandika zaka na ahadi za kila familia kwa bahasha itajikuta ina fedha zisizo na mwenyewe katika daftari.

Hasara zake

Kadi ikipotea, aliyeiokota anaweza kuigusa mara kadhaa kabla hajaulizwa namba ya siri. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inaruhusu hadi yuro 50 kwa mguso mmoja, na benki hulazimika kudai namba ya siri baada ya jumla ya yuro 150 au baada ya miguso mitano mfululizo. Mwenye kadi yafaa aulize benki yake vikomo vyake ni vipi na kama anaweza kuzima huduma ya kugusa. Ikipotea, aipigie benki saa ile ile. Lakini ile hofu ya mwizi anayepita katika msongamano na mashine akinyonya fedha mifukoni, sisi tunaona imekuzwa. Mwizi wa namna hiyo lazima awe na akaunti ya kupokelea, nayo akaunti ina jina.

Kuna makato. Shilingi 1,000 ikitumbukizwa kapuni inafika mezani ikiwa 1,000. Ikipitia mashine hukatwa asilimia fulani, na pengine mashine yenyewe ina kodi ya kila mwezi, watu wagusie au wasigusie. Parokia inayopokea wageni wenye kadi mara mbili kwa mwaka inaweza kujikuta inailisha mashine badala ya mashine kuilisha parokia.

Tena kadi inahitaji umeme na mtandao. Aprili 28, 2025 umeme ulizimika karibu nchi nzima za Hispania na Ureno, na wenye kadi tu walishindwa kununua hata maji katika maduka mengi. Sweden, ambako fedha taslimu zilikuwa karibu kusahaulika, serikali iliwagawia wananchi kijitabu cha tahadhari Novemba 2024 kikiwashauri wawe na fedha taslimu nyumbani.

Mkononi pia kuna jambo. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba watu wakiambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo hukubali bei kubwa kuliko wanaolipa taslimu, pengine hata mara mbili. Noti inapotoka mkononi mtu huisikia. Mhubiri anaweza kufurahia hilo, lakini mwenye familia aliangalie mara mbili.

La mwisho ndilo linalotuhangaisha zaidi. Machi 2019 tume iliyoongozwa na Natalie Ceeney ilieleza kwamba watu wazima wapatao milioni 8 nchini Uingereza wangepata shida kuishi bila fedha taslimu, na wengi wao ni maskini na wazee. Ikiwa ndivyo huko, vijijini kwetu itakuwaje? Mashine ikiwekwa mlangoni na kusifiwa kila Jumapili, mama mwenye mia mbili yake iliyofungwa katika ncha ya kanga ataanza kupita pembeni. Huyo ndiye aliyejenga kuta nyingi za makanisa yetu.

Mfano wa Nairobi

Mwaka 2013 kampuni ya Google pamoja na Equity Bank walileta BebaPay, kadi ya kugusa ya kulipia nauli za matatu. Serikali nayo ikaagiza kwamba kuanzia Julai 1, 2014 nauli zisilipwe taslimu. Wenye magari walitamani kuona mapato yao yote. Madereva na makondakta, ambao riziki yao hutoka katika fedha za siku, hawakutamani. Kadi za kampuni mbalimbali hazikusomana, na abiria hakuona sababu ya kubeba kadi tatu. Machi 2015 BebaPay ilifungwa. Wakati huo wote M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa tayari katika simu ya karibu kila abiria.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: parokia nyingi zitasaidiwa zaidi na Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la parokia, si la mweka hazina, kuliko mashine ya kadi. Parokia za mijini na zile zenye nyumba za wageni zinaweza kuijaribu mashine kwa muda, mradi kapu liendelee kupita kama kawaida.

Kabla ya kikao kijacho tunaomba kila kamati ihesabu kwa Jumapili nne ni watu wangapi waliouliza juu ya kadi, iulize benki mbili makato na kodi ya mashine, na iamue ni watu gani wawili watakaoisoma taarifa ya akaunti kila mwezi. Majibu yaambatanishwe na taarifa ya robo mwaka.