Ghani Kwanza, Jalada Baadaye

Kijana anayesomea ustawi wa jamii akiniambia, "Mwalimu, mimi si mshairi," huwa nafurahi. Anayejijua kuwa mshairi ndiye hunipa kazi: anahangaika na vina wakati mimi nataka amsikie mtu. Hapa Dar es Salaam nawaandaa wanafunzi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri, na ushairi wa kughani nautumia kuwafundisha kusikiliza, basi. Kujieleza nawaachia wenye majukwaa.

Zoezi lenyewe liko hivi. Mwanafunzi mmoja nampa mtu wa kubuni: mama muuza mboga, babu aliyeachiwa wajukuu, kijana aliyetoka mahabusu ya watoto. Anamtungia ghani ya dakika mbili hivi, kwa nafsi ya kwanza, kwa maneno ambayo mtu huyo angeyatumia. "Mazingira hatarishi" nalikata palepale. Hayo ni maneno ya semina. Vina si lazima. Pumzi ni lazima, maana nataka ajue anyamaze wapi. Mmoja alighani hivi:

Nimemfungia ndani. Uji upo kwenye chupa.
Jirani, ukisikia kilio, mie niko sokoni,
na soko halinisubiri.

Akimaliza, hakuna makofi. (Hili huwaudhi waliozoea kushangiliwa, lakini makofi hufuta sauti upesi.) Kila mmoja anachukua kalamu na kuandika taarifa ya kesi, kama ile ambayo angeiweka kwenye jalada ofisini. Kisha tunazisoma moja moja, na mghani anarudia ghani yake polepole huku tukipigia mstari kila neno ambalo hakulisema.

Siku ya ghani hiyo, taarifa nyingi zilianza na "mama amemtelekeza mtoto". Nikauliza: kutelekeza mmelisikia wapi? Uji karibu wote hawakuuandika. Jirani naye alipotea, ilhali ndiye ambaye afisa angeanza kumtafuta. Hapo ubishi ukawaka, na kwenye ubishi ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Binti mmoja akasema: kwa hiyo tumwonee huruma mama mpaka nyumba iungue mtoto akiwa ndani? Swali la haki kabisa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, na inamtaka hata mwanajamii wa kawaida atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa haki za mtoto zinapovunjwa. Ghani haiondoi wajibu huo. Ila "mtoto amefungiwa, ameachiwa uji, jirani ameombwa kusikiliza" inampa afisa pa kuanzia. "Mama hajali" inampa hukumu tu.

Huwa naulizwa kwa nini nisitumie ngonjera, yenye historia ya kufundishia tangu Mathias Mnyampala alipoieneza baada ya Azimio la Arusha la 1967. Naipenda ngonjera. Lakini mara nyingi mmoja huanza akipinga, mwenzake akamwelimisha, na ubeti wa mwisho wakaughani pamoja. Aliyezoea hivyo atakwenda kwa mteja akiusubiri ubeti huo wa kukubaliana, na wateja wengi hawaufikii.

Ukitaka kujaribu, kesi ya kweli isighaniwe, hata ukibadilisha jina. Mtaani watu hutambuana kwa kikohozi. Pia ujue kwamba wapo watakaoleta maisha yao wenyewe wakijificha nyuma ya mtu wa kubuni, na sauti itawasaliti. Simkatishi mtu wa namna hiyo, wala simhoji mbele ya wenzake. Akinyamaza natangaza mapumziko, na mshauri nasaha anakuwa yupo chumba cha pili. Kama huna mshauri, zoezi hili usilianzishe.

Alama natoa kwa taarifa, si kwa ghani. Nimeona wenye sauti za kukwaruza wakiandika taarifa ambazo ningezipeleka mahakamani bila kugusa nukta. Na darasa likiwa kubwa ligawe vikundi, maana taarifa zikirundikana utazisoma mbiombio, na za waliokaa nyuma ndizo zitakazobaki bila kusomwa.