Asali na Mtoto Mchanga

Asali ni dawa kwa wengi, lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja tusimlambishe hata tone. Yaweza kuwa na mbegu za kijidudu cha botulizimu, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Zikiota tumboni mwake hutoa sumu inayolegeza misuli.

Mara nyingi huanza kwa kufunga choo. Kisha kope hulegea, kilio hufifia, mtoto hushindwa kunyonya na shingo hukosa nguvu, pengine bila homa. Pepopunda hukakamaza mwili. Ugonjwa huu huulegeza.

Awe Mji Mkongwe au shamba, tumkimbize hospitali, kwani aweza kushindwa kupumua. Tumweleze daktari kama alilambishwa asali. Kipimo cha choo huthibitisha sumu, lakini majibu huchelewa, matibabu yasiyangoje.