Upatu, mana na riziki ya kesho

Kumtegemea Mungu kwa riziki, katika mafundisho ya Kikristo, ni jambo la siku kwa siku. Sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake haiombi chakula cha mwaka mzima. Chakula hicho Biblia ya Union Version ya 1952 inakiita riziki. Wakatoliki husali kwa kutaja mkate wa kila siku. Neno la Kigiriki lililo nyuma ya maneno "wa kila siku" ni gumu. Katika Agano Jipya lote halipo ila kwenye sala hiyo, Mathayo 6 na Luka 11, na wafasiri hawajaafikiana kama maana yake ni cha leo, cha kesho au cha kutosha. Kwa sikio la Unguja, riziki ni bora: ukitaja mkate mjini hapa mtu hukumbuka boflo, au mkate wa kumimina.

Barua iliyoletwa kwenye safu hii ni ya mama Mkristo wa Mji Mkongwe, anayepika chai, vitumbua na maharage ya nazi kwa wafanyakazi wa hoteli za Shangani. Kila jioni hutenga elfu mbili za upatu, akazifunga kwenye pindo la kanga mpaka kijumbe, mkusanya michango, apite. Mwenzake katika kikundi cha maombi amemwambia kuwa anayeweka cha kesho hamwamini Mungu wa leo, na kwamba fedha hizo zingetolewa sadaka zingerudi maradufu. Mama anauliza kama upatu ni kukosa imani.

Jibu ni hapana, na kalenda ya Unguja inatosha kuanza kulieleza. Mchana wa Ramadhani jiko la barabarani halikokwi, mpishi awe wa dini gani. Mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika miaka hii umekuwa ukiishia karibu na masika. Aprili na Mei mvua hufukuza wageni, hoteli nyingine hufunga milango, na wanywaji wa chai hurudi makwao. Kesho anayoiwekea mama huyu inajulikana mapema, kama bamvua na maji mafu yanavyojulikana kwa mkulima wa mwani wa Jambiani.

Mfano unaotumiwa sana dhidi ya akiba ni mana, Kutoka 16. Kila mtu aliokota pishi moja, na iliyolazwa ikaoza na kuingia mabuu. Wanaousimulia huishia hapo. Sura hiyohiyo inasema siku ya sita watu waliamriwa waokote maradufu, waiweke kwa ajili ya Sabato, na haikuoza. Kilichokatazwa ni kulimbikiza siku ambayo kesho yake kuna kuokota. Siku isiyo na kuokota iliwekewa akiba kwa amri. Naye Yusufu, Mwanzo 41, alikusanya sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba. Tajiri mpumbavu wa Luka 12 alilaumiwa kwa jambo jingine: ghala zake zote zilikuwa za nafsi yake.

Kuna msemo wa kanga, riziki haivutwi kwa kamba, unaovaliwa na Wakristo na Waislamu wa mtaa mmoja. Huo humkanya mwenye pupa. Haumwambii mpishi azime jiko.

Ahadi ya sadaka kurudi maradufu inahitaji ukali zaidi. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliotangaza mali kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwape wazazi wao matunzo. Fedha ya unga wa watoto wa masika ni ya aina hiyo. Sadaka hutolewa katika kilichopo, kwa hiari, bila kungojea faida; inayotolewa ili irudi na nyongeza ni biashara, tena isiyo na risiti.

Baadhi ya Wakristo wa mwanzo wa kisiwa hiki waliunganisha sala na kuiandalia kesho. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika Unguja 1864, na kabla ya Askofu Steere wa misheni hiyo kuanza kujenga kanisa la Mkunazini, kwenye soko la watumwa lililofungwa 1873, lilikwisha nunuliwa shamba la Mbweni. Watumwa waliokombolewa walipewa huko nyumba na vipande vya kulima. Waliomba riziki kisha wakashika jembe, na mambo hayo hayapingani.

Sala yenyewe huomba kwa wingi, chetu na si changu, na hapo upatu unafanana nayo kuliko kibubu: anayepokea leo amebebwa na wenzake, kesho naye hubeba. Hatari yake ni ya kawaida, mtu kupokea mapema kisha akatoweka, kwa hiyo kijumbe awe anayejulikana mtaani na daftari lisomwe mbele ya wote. Zamu nayo hupangwa kwa maelewano. Mama wa vitumbua aombe yake iangukie Aprili, na mwezi wa Ramadhani jiko lake likokwe alasiri, kwa kaimati na mihogo ya nazi ya kuuzia wanaofuturu.