Imani Yetu Kazini

Wakristo wengi hudhani ya kuwa kueneza dini ni kazi ya padre na katekista peke yao. Sivyo hata kidogo. Mwezi Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakavuka ziwa kwenda kusini, wala hawakurudi mpaka 1885. Waliporudi waliwakuta wanafunzi wa dini wameongezeka! Ni nani basi aliyewafundisha? Ni watu wenye kazi zao. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma. Huyu Kaggwa alithubutu kuwafundisha dini hata watoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu, na jambo hilo ndilo lililomponza: aliuawa tarehe 26 Mei 1886.

Na sisi je? Wengi wetu hatutishwi kwa upanga. Twashindwa na mizani. Mwenye duka akimpunja jirani sukari leo, Jumapili atamwalika kanisani kwa uso gani? Jirani ataikumbuka sukari yake. Lakini yuko fundi cherehani amrudishiaye kila mtu vipande vya kitambaa vilivyosalia. Kijana anayejifunza kazi kwake huona, hunyamaza, na siku moja humwuliza sababu. Fundi huyo asimwambie angoje padre. Na amjibu papo hapo, kwa maneno machache, akiendelea kushona.